Baina ya Mwongozo na Karatasi ya Dawa



Kila aliyekaa chuoni akasoma fiqhi hukutana mapema na vitabu vya aina mbili, matini na sharhe. Matini ni fupi, maneno yake yamepimwa, na mwanafunzi huyahifadhi. Sharhe ni ndefu, nayo hufungua yale yaliyofumbwa. Kisha hukutana na kitu cha tatu ambacho hakimo katika kitabu chochote: mtu aliyesimama mlangoni pa msikiti na suala lake, ambaye hali yake haikuandikwa popote kama ilivyo. Mufti ajuaye matini peke yake humdhuru mtu huyo. Na mufti aiachaye matini akajibu kwa mazoea yake humdhuru vilevile. Tumeanza na hayo kwa sababu wiki hii tunataka kuzungumza juu ya madaktari wa moyo, nao pia wana matini yao, na wana watu wao mlangoni.

Maradhi tunayoyakusudia ni yale ya moyo kushindwa kazi. Hapa Usenge, na katika vijiji vya Yimbo hata kisiwani Mageta, maradhi haya hujulikana kwa dalili kabla ya kujulikana kwa jina. Miguu huvimba ikabonyea kwa kidole. Pumzi hukatika mtu akipanda kutoka ufuoni na ndoo ya omena. Mgonjwa hawezi kulala ila kwa mito mitatu, na usiku wa manane huamka akaketi dirishani akitafuta hewa. Wengine husema ni figo, wengine pumu, na hawakosekani wasemao amerogwa. Madaktari husema kwamba msuli wa moyo umedhoofu au umekakamaa, hausukumi damu kwa kadiri inayotakiwa, na maji yakarudi nyuma yakajaa mapafuni na miguuni. Moyo haukusimama, umechoka. Na katika kuchoka kwake mwili huuzidishia mzigo kwa kubana mishipa na kuzuia chumvi na maji. Dawa zilizothibiti ni zile zinazoukatiza mzunguko huo mbaya.

Matini ya madaktari huitwa mwongozo wa tiba. Jumuiya ya Ulaya ya magonjwa ya moyo ilitoa wake mwaka 2021, Wamarekani wakatoa wao mwaka 2022, na Wizara ya Afya ya Kenya ilikuwa imekwisha toa mwongozo wa kitaifa wa maradhi ya moyo na mishipa mwaka 2018. Miongozo hiyo miwili ya ng'ambo imeafikiana juu ya mgonjwa ambaye nguvu ya moyo wake imeshuka. Apewe makundi manne ya dawa pamoja, labda pawe na kizuizi. La kwanza ni la enalaprili na ndugu zake. La pili ni la kavedilolo na bisoprololo, ambazo hupunguza kasi ya moyo. La tatu ni spironolaktoni. La nne ni dapagliflozini au empagliflozini, dawa zilizoanza kama tiba ya kisukari kisha zikaonekana kuufaa moyo hata kwa asiye na kisukari.

Hakuna hata moja iliyoingia humo kwa dhana. Enalaprili ilipimwa huko Skandinavia kwa wagonjwa mahututi 253, na matokeo yakachapishwa mwaka 1987: katika miezi sita vifo vilipungua kwa asilimia 40. Spironolaktoni ilifuata mwaka 1999, wagonjwa 1,663, vifo vikapungua kwa asilimia 30. Mwaka huohuo bisoprololo na metoprololo, kila moja katika utafiti wake, zilipunguza vifo kwa asilimia 34. Dapagliflozini ilitoa matokeo yake mwaka 2019 kwa wagonjwa 4,744. Mwenye kusoma sanadi za hadithi ataelewa kwa nini tabibu mwenye insafu huzitaja tafiti hizi kwa mwaka na kwa idadi: anaonyesha kauli yake imetoka wapi.

Na matini hubadilika. Dawa za kundi la pili zilikuwa haramu kwa mgonjwa wa moyo uliochoka katika vitabu vingi vya zamani, kwa hoja ya kwamba moyo dhaifu usiongezewe udhaifu. Madaktari wa Gothenburg, Sweden, walithubutu kuzijaribu katika miaka ya 1970, na ilichukua zaidi ya miaka ishirini mpaka haramu hiyo ikawa ni jambo la kusisitizwa. Imamu Shafii naye alikuwa na kauli ya kale na kauli mpya, na hakuna mwanafunzi aliyemdharau kwa hilo. Lakini yuko tabibu aliyehitimu wakati wa kauli ya kale, na mkono wake bado unasita kuandika kavedilolo. Kusita huko tusikuite uvivu, kwani kulifundishwa darasani.

Sasa, je, waganga wa moyo wenyewe hufuata mwongozo? Wazungu waliliuliza suala hili kabla yetu, tena kwa ukali. Mwaka 2005 ulichapishwa utafiti uliowatazama madaktari wa moyo wa nchi sita za Ulaya na wagonjwa wao, ukaonyesha kwamba mgonjwa ambaye daktari wake alikuwa karibu zaidi na mwongozo alilazwa kwa ajili ya moyo mara chache zaidi katika miezi sita iliyofuata. Marekani nayo, katika daftari la wagonjwa 3,518 wa vituo 150 lililotangazwa mwaka 2018, ilikutwa hivi: miongoni mwa waliostahiki, asilimia 27 hawakuandikiwa dawa ya kundi la kwanza, asilimia 33 hawakuandikiwa ya pili, na asilimia 67 hawakuandikiwa spironolaktoni. Na waliokuwa wakipata makundi yote matatu ya wakati huo kwa kipimo kamili walikuwa asilimia moja tu.

Asilimia moja, katika nchi yenye kila chombo! Tunalitaja hili ili yule ndugu yetu anayedhani kwamba upungufu ni wa Mwafrika peke yake aondokewe na dhana hiyo. Spironolaktoni ni dawa ya zamani na ya bei nafuu. Kwa hiyo fedha peke yake haielezi kilichotokea Marekani.

Kwetu hesabu ina sura nyingine, nayo ni nzito. Baina ya mwaka 2007 na 2010 hospitali 12 za nchi tisa za Afrika, Kenya na Uganda zikiwemo, ziliwaandikisha wagonjwa 1,006 waliolazwa kwa moyo kushindwa. Wastani wa umri wao ulikuwa miaka 52. Huko Ulaya na Marekani maradhi haya ni ya wazee wa miaka sabini na kuendelea. Kwetu ni ya mtu ambaye bado anavuta nyavu na ana watoto shuleni. Sababu kubwa ilikuwa presha, asilimia 45, kisha moyo ulioharibiwa na homa ya rumatiki ya utotoni, asilimia 14. Katika siku 180, takribani asilimia 18 walikuwa wamefariki. Muhimbili, Dar es Salaam, walipowaangalia wagonjwa wao 427 mwaka 2012 na 2013 walikuta presha ileile, asilimia 45. Na mwaka 2017 ulitoka utafiti wa nchi 16 ulioonyesha kwamba waliofariki ndani ya mwaka mmoja walikuwa asilimia 34 katika nchi za Afrika, 23 India, na 7 nchini China. Watafiti walijaribu kuondoa tofauti za umri na ukali wa maradhi, na pengo halikuzibika. Sehemu yake imo katika jinsi watu wanavyofika kwenye tiba na jinsi tiba inavyotolewa.

Hapa ndipo tunapotaka kutulia kidogo, maana ni rahisi kusema kwa hasira kwamba madaktari hawafuati mwongozo na kuishia hapo. Kuacha matini kuna namna tofauti, na hukumu zake ni tofauti.

Kuna kuacha kwa elimu. Mgonjwa ana presha ya chini mno, anaona kizunguzungu akisimama. Au figo zake zimedhoofu. Au potasiamu imepanda katika damu. Au mapigo ya moyo ni machache. Daktari akishusha dozi ya mtu huyo au akamzuilia dawa, hakuuacha mwongozo, kwa kuwa mwongozo wenyewe umeweka rukhsa hizo. Mama mjamzito hapewi enalaprili, kwani humdhuru mtoto tumboni. Na kwa kuwa wako kina mama ambao moyo wao hushindwa mwishoni mwa ujauzito au baada ya kujifungua, jambo hili si la nadra. Dada yetu aliye katika umri wa kuzaa na anameza dawa hizi, na amwambie daktari wake mapema kama anataka kushika mimba, wala asione haya. Tena kuna yule ambaye tatizo lake ni mlango wa moyo uliokunjamana kwa homa ya rumatiki. Nguzo nne hazikujengwa juu ya tafiti za wagonjwa kama yeye. Huyu anahitaji kupimwa kwa eko, huenda akahitaji kufanyiwa upasuaji, na dawa nyingine anazohitaji ni tofauti. Mwaka 2022 utafiti mkubwa uliofanywa Afrika, Asia na Amerika ya Kusini ulionyesha kwamba kwa mgonjwa wa rumatiki ambaye mapigo ya moyo wake yamevurugika, warfarini ya zamani ilikuwa bora kuliko rivaroksabani mpya. Mwenye kufuata upya wa dawa bila kuuliza imepimwa kwa nani angekosea hapo.

Kuna kuacha kwa dharura. Dawa haipo katika duka la hospitali, iko katika famasi mjini, na bei yake imepita uwezo. Dawa mpya za kundi la nne ndizo zinazowashinda wengi. Daktari anayemwandikia mvuvi dawa nne akijua atanunua mbili, naye hajui ni zipi mbili, hakumsaidia. Bora amwambie waziwazi: hizi ndizo za kwanza kununua. Nasi tunawaomba wagonjwa wasione aibu kusema hawana fedha. Aibu hiyo huandikwa katika faili kama maradhi yaliyozidi.

Kisha kuna kuacha kwa mazoea, na hili ndilo linalotuuma zaidi.

Tuchukue mfano wa mvuvi wa miaka 52. Amelazwa katika hospitali kubwa, ametolewa maji, amepata nafuu, ameruhusiwa. Karatasi yake ni nzuri: enalaprili miligramu 2.5 mara mbili kwa siku, kavedilolo 3.125 mara mbili, spironolaktoni 25, na furosemidi ya kukojoza. Hivyo ndivyo mwongozo unavyotaka aanze. Lakini ni kuanza tu. Enalaprili inatakiwa kupandishwa kwa hatua mpaka miligramu 10 au 20 mara mbili kwa siku, na kavedilolo mpaka 25 mara mbili, kwa kadiri mwili utakavyostahimili, huku damu ikipimwa figo na potasiamu. Mtu huyu anarudi nyumbani Usenge. Kliniki ya Kisumu ni safari ya kupita Bondo, Ndori na Kisian, siku nzima bila kuingia ziwani. Anakwenda mara moja. Mara ya pili anachukua dawa katika kituo kilicho karibu, na afisa wa kliniki, ambaye hakumwandikia yeye dawa hizo, anaogopa kugusa kazi ya mkubwa wake. Anaandika: aendelee na dawa zilezile. Mwezi ujao vilevile. Mwaka ukipita mtu huyo bado yuko katika kipimo cha siku ya kwanza, sehemu ya nane ya kavedilolo iliyokusudiwa, na kila aliyemwona ana hakika kwamba yuko katika tiba. Hakuna aliyefanya kosa ambalo unaweza kulinyoshea kidole. Kila mmoja alimwachia mwenziwe.

Watu hutuletea karatasi zao baada ya swala tuwasomee, na tunaona namna nyingine ya mazoea. Mara atenololo imeandikwa mahali pa kavedilolo kwa kuwa zote ni za kupunguza mapigo ya moyo; lakini atenololo haimo katika zile ambazo mwongozo umezitaja kwa moyo uliochoka. Mara karatasi ina furosemidi na digoksini, basi. Furosemidi humwondolea mtu maji na kumpa usingizi, nayo ni neema, lakini haikuthibiti kwamba inarefusha umri. Digoksini ilipimwa kwa watu 6,800, matokeo yakatoka mwaka 1997: ilipunguza kulazwa, haikupunguza vifo. Sisi si matabibu, na kazi yetu hapo ni kumrudisha mtu kwa tabibu na suala mkononi, si kumbadilishia dawa. Yeyote atakayeongeza au kupunguza vidonge kwa sababu ya makala hii atakuwa amelitumia vibaya gazeti letu.

Je, mazoea haya yana dawa? Yapo mawili tunayoyajua. La kwanza limetoka kwa majirani zetu wa Rwanda. Katika hospitali za wilaya mashariki ya nchi hiyo, ambako hapakuwa na daktari wa moyo, wauguzi walifundishwa kutumia eko kwa maswali machache yaliyo wazi, kuwagawa wagonjwa katika mafungu, na kupandisha dozi kwa kanuni zilizoandikwa, huku daktari bingwa akija mara moja moja kuangalia kazi yao. Matokeo ya huko Rwinkwavu yalichapishwa mwaka 2013. Kilichohitajika zaidi kilikuwa ni ruhusa: kumwambia muuguzi kwamba, hali ikiwa hivi na hivi, wewe ndiwe utakayepandisha dozi.

La pili lilitangazwa mwaka 2022, kutoka utafiti wa watu 1,078 katika nchi 14. Nusu yao walitibiwa kwa desturi. Nusu ya pili walipandishiwa dawa hadi kipimo kamili ndani ya wiki mbili baada ya kutoka hospitali, wakionwa karibu karibu, wakipimwa damu kila mara. Katika siku 180, waliofariki au kulazwa tena kwa moyo walikuwa asilimia 15.2 upande wa haraka na 23.3 upande wa desturi. Msomaji aangalie kwamba dawa zilikuwa ni zilezile pande zote mbili. Tofauti ilikuwa ni kupandisha, na kuonana.

Kuonana kunahitaji nauli, na nauli ndiyo inayotufikisha kwenye hukumu za dini. Mgonjwa fukara ni fukara. Zaka inamfikia, na hakuna ubaya nauli ya kliniki au bei ya kipimo cha damu ikawa ndiyo haja anayotimiziwa kwa fungu lake. Tunaona ajabu mtu kuchangiwa kwa ukarimu siku ya mazishi na kukosa wa kumchangia safari ya Russia, kama wazee wanavyoiita hospitali ya Jaramogi iliyojengwa kwa msaada wa Urusi ya Kisovieti. Bima ya SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF mwezi Oktoba 2024, ni vizuri mtu ajiandikishe akiwa mzima, maana anayeanza kuulizia makaratasi akiwa hawezi kupumua amechelewa.

Ama saumu: wengi huuliza. Mwenye moyo uliochoka akiambiwa na tabibu mwaminifu kwamba kufunga kutamdhuru, basi ana ruhusa ya kula, na Mola amelitaja hilo wazi katika Suratul Baqara. Akitarajiwa kupona atalipa. Asipotarajiwa, atatoa fidiya, kibaba cha chakula cha watu wa mji kwa kila siku, kwa madhehebu yetu ya Shafii. Akiruhusiwa kufunga, na amuulize daktari wiki kadhaa kabla ya mwezi kuandama ni saa ngapi atameza kidonge cha kukojoza na kama dozi zibadilishwe. Kitendo cha kuacha dawa kwa siri ili saumu itimie hakina asili. Na futari yenye chumvi nyingi humrudishia mgonjwa maji yaliyotolewa kwa dawa wiki nzima.

Jambo moja dogo ambalo miongozo imelikataza na madukani kwetu hapa halikatazwi: vidonge vya maumivu, diklofenaki na ibuprofeni. Mvuvi hupata mgongo kwa kuvuta nyavu, hununua viwili kibandani, hupata nafuu, hurudi kesho. Dawa hizo huzuia chumvi na maji mwilini na kuzisumbua figo. Tumewasikia watu wakilaumu hospitali kwamba dawa za moyo hazifanyi kazi, kumbe mfukoni mna karatasi ya diklofenaki. Habbat sauda na asali vina heshima yake kwetu. Havichukui nafasi ya kavedilolo.

Basi mwenye mgonjwa nyumbani, siku ya kliniki achukue maswali haya kwenye kipande cha karatasi. Je, nguvu ya moyo wa mzee imepimwa kwa eko, na ni kiasi gani? Ni lipi kati ya makundi manne ambalo hapewi, na sababu ni nini? Dozi hii ni ya mwisho au ni ya kuanzia? Nani atakayeipandisha, na lini? Daktari mwenye sababu ataitaja, na mtu atarudi nyumbani ameridhika. Aulize kwa adabu, kama mwanafunzi anavyomuuliza mwalimu wake dalili ya hukumu.

Kamati ya msikiti imeombwa kununua mizani miwili ya kusimama, mmoja uwekwe upande wa wanaume na mwingine upande wa kina mama, na daftari kando yake. Mgonjwa wa moyo ajipime asubuhi baada ya kwenda haja na kabla ya kula, aandike tarehe na uzani. Ukizidi kilo mbili katika siku tatu, maji yanarudi, na siku hiyohiyo aende kituoni asingojee tarehe ya kliniki. Wenye kutaka kuchangia mizani hiyo wamwone mweka hazina baada ya swala ya Ijumaa.